Kila nikisema neno, nyumba nzima inanijibu "sawa"

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 54, nina mke na watoto wawili. Tangu ujana wangu watu wananiita mbishi, na kweli nikishaamua jambo sirudi nyuma. Sikuwahi kuona kama ni kasoro, kwa sababu mara nyingi mwisho wa siku nimeonekana niko sahihi. Mwezi uliopita nimegundua kwamba binti yangu mkubwa aliacha masomo ya uhasibu niliyomchagulia, akahamia ualimu, na mwaka mzima umepita. Mama yake alijua. Mdogo wake alijua. Mimi peke yangu ndiye sikuambiwa. Nilipomuuliza akanijibu, "Baba, tungekwambia ili iweje?" Niliapa mbele ya wote kwamba ada silipi tena. Tangu siku hiyo nyumba imekuwa baridi. Hakuna anayenibishia. Mke wangu kila ninalosema ananijibu "sawa", basi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sitaki mwanangu avunjike. Nifanye nini ili wanisikilize kama zamani?*

*Baba wa Wawili*

Marahaba, mwanangu.

Umenieleza nyumba ambamo watu watatu wamekaa na siri mwaka mzima. Walikula nawe, walikuaga asubuhi na kukupokea jioni, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kufungua kinywa. Kisha mwishoni ukaniuliza ufanye nini ili wakusikilize. Lakini hao wamekusikiliza sana. Wamekusikiliza miaka mingi kiasi kwamba wanalijua jibu lako kabla hujalitoa. Kama yupo aliyekosa kusikilizwa katika nyumba hiyo, ni wao, na nikikujibu swali lako kama ulivyoliuliza nitakuwa nimekupa silaha mpya ya vita vile vile vya zamani. Kwa hiyo nitajibu lingine, ambalo naamini ndilo lililokukosesha usingizi ukaamua kuniandikia: umefikaje mahali pa kuwa mgeni kwenye habari za nyumbani kwako, na utarudije.

Nianze na maneno ya binti yako. "Baba, tungekwambia ili iweje?" Wewe umeyaleta kama ushahidi wa utovu wa adabu. Mimi nikiyasoma naona mtu aliyepiga hesabu. Watoto hawaanzi na siri, huanza kwa kusema. Jaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokuja na wazo lisilofanana na lako. Nadhani mambo yalikwenda hivi: alianza kueleza, ukamkatiza. Akatoa sababu moja, ukatoa tatu. Machozi yakamlengalenga, ukamwambia machozi si hoja. Akanyamaza, nawe ukaondoka ukiamini amekubali. Mtu akipitia hayo mara kadhaa hajifunzi kwamba baba yake ana hekima kuliko yeye. Anajifunza kwamba kuzungumza na baba ni kazi ya bure, tena inaumiza, na kwamba njia fupi ya kuishi maisha yake ni kumzunguka. Ndivyo alivyofanya. Sisemi alifanya vizuri, na siku moja mtazungumza kuhusu huko kuficha. Nasema alifanya jambo ambalo ulimfundisha wewe.

Sasa hiyo "sawa" ya mkeo. Nakuomba uiogope kuliko ubishi wote aliowahi kukufanyia. Mtu hubishana na yule anayeamini bado anaweza kumgeuza. Alipokuwa akipandisha sauti, akikununia, akikurudia na jambo lile lile siku tatu mfululizo, alikuwa bado anakuhesabu kama mtu wa kuzungumza naye. Anayejibu "sawa" kwa kila kitu amekwisha kuondoka kwenye mazungumzo, amebakiza mwili tu. Mtafiti wa ndoa John Gottman na wenzake walichapisha mwaka 1998 matokeo ya kuzifuatilia ndoa changa 130 kwa miaka 6. Walikuta kwamba hasira peke yake haikuwa dalili ya ndoa kuvunjika. Kilichotofautisha nyumba zenye utulivu na furaha, pamoja na mengine, ni mume kukubali mawazo ya mke yamguse na yamsogeze. Yaani nyumba yenye kelele inaweza kuwa na uhai kuliko ya kwako ilivyo sasa.

Najua utaniambia, "Lakini Shangazi, mimi huwa niko sahihi." Umeliandika hilo bila kujitetea, kama mtu anayetaja urefu wake, kwa hiyo nalichukua kwa uzito. Inawezekana kabisa. Basi nikueleze habari za mtu aliyekuwa sahihi kuliko mimi na wewe.

Aliitwa Ignaz Semmelweis, daktari Mhungaria aliyefanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu ya Vienna. Akina mama walikuwa wakifa kwa homa baada ya kujifungua. Aligundua kwamba madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kuwazalisha wanawake, na mwaka 1847 akaagiza kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo, kabla ya agizo, katika kila wazazi 100 walikuwa wamekufa 18. Ilipofika Juni wakawa wamebaki kama 2. Hakuna hoja nzito kuliko hiyo duniani. Lakini Semmelweis aliona kwamba ukweli wake unajitosheleza. Alichelewa miaka mingi kuuandika vizuri. Maswali ya wenzake, mengine ya haki kabisa, aliyachukua kama matusi. Kitabu chake cha mwaka 1861 kilipopokelewa vibaya, akaanza kuwaandikia madaktari wakubwa barua za wazi akiwaita wauaji. Hata waliokuwa tayari kumsikiliza walijitenga naye. Alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47, na hospitali nyingi bado hazijaanza kunawa mikono.

Lawama zote si zake. Wenzake nao walikuwa na kiburi chao, na haikuwa rahisi kwa daktari kukubali kwamba mikono yake ndiyo iliyoua. Lakini kila nikimfikiria nauma kidole, kwa sababu kati ya ukweli wake na uhai wa wale akina mama palihitajika kitu kimoja zaidi: mtu wa pili aweze kuupokea bila kujiona amedhalilishwa. Kuwa sahihi ni nusu ya kazi. Wewe umeifanya nusu hiyo maisha yako yote, na ile nyingine hujaigusa.

Tena kuna jambo kuhusu hesabu yako. Unasema mara nyingi umeonekana uko sahihi. Umeonekana na nani? Watu wakishakata tamaa ya kubishana na mtu, huacha pia kumletea habari za makosa yake. Lile shauri lako lililokwenda mrama, mkeo alilirekebisha kimya kimya. Lile ulilomlazimisha mwanao likamuumiza, alilizika moyoni. Kilichobaki kwenye kumbukumbu yako ni yale uliyoshinda, kwa sababu hayo ndiyo uliyoyataja mwenyewe mezani. Uamuzi wa binti yako kuhusu masomo yake ulikaa mwaka mzima usiujue. Ni mangapi mengine hujayajua?

Nikueleze na namna kitu hiki kinavyofanya kazi, maana huenda unadhani nyumba yako imejaa watu wagumu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mmarekani Jack Brehm alieleza jambo ambalo kila mzazi amewahi kuliona: mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unanyang'anywa, kile anachokatazwa huzidi kumvutia, na anayemkataza huzidi kuwa adui, hata kama shauri lenyewe ni zuri. Baadaye, mwaka 1993, William Miller na wenzake waliwachunguza watu wenye tatizo la pombe pamoja na washauri wao. Kadiri mshauri alivyombana na kumkabili mnywaji, ndivyo mnywaji huyo alivyoendelea kunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Sasa fikiria binti yako. Huenda angeupenda uhasibu. Huenda angeujaribu, akauacha kwa sababu zake, au akabaki nao kwa sababu zake. Hakupewa nafasi ya kujua, kwa sababu uhasibu ulimfikia ukiwa amri, na kuukataa kukawa ndiyo njia pekee ya kuwa mtu mbele yako.

Umenitajia wahenga, nami nakubali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini wahenga hao hao walisema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na hawakutaja umri wa huyo mkaidi. Methali ya kwanza umeitumia kwa mwanao miaka mingi. Ya pili sijui kama kuna mtu nyumbani kwako amewahi kupata ujasiri wa kukutajia.

Usinielewe vibaya. Sikutaki uwe bendera inayofuata upepo. Nyumba inahitaji mtu mwenye msimamo, na yapo mambo ambayo mzazi hapaswi kuyalegezea hata akichukiwa: mtoto anapojihatarisha, mtu anapodhulumiwa, uongo unapotaka kuhalalishwa. Pengine ni uimara wako huo huo ulioivusha familia yako wakati mgumu, na haustahili kudharauliwa. Kuna swali moja ninalowapa watu wa aina yako, nami nimeona likiwasaidia kujua wamesimama wapi. Chukua jambo mnalogombania, jiulize: ni kitu gani, kikitokea au kikithibitishwa, kitanifanya nibadili mawazo? Ukipata jibu, una msimamo. Waambie jibu hilo, nao watajua walete nini. Ukikuta hakuna chochote duniani kinachoweza kukubadilisha, hapo hulindi tena jambo lenyewe. Unajilinda wewe, usionekane umeshindwa. Jiulize swali hilo kuhusu ualimu, ukiwa peke yako, na usikimbilie kulijibu.

Kisha nenda ndani zaidi. Mwandishi Mmarekani Mary Parker Follett, aliyefikiria sana kuhusu ugomvi na namna watu wanavyoweza kuumaliza, alitoa mwaka 1925 mfano uliomtokea mwenyewe katika chumba kidogo cha maktaba ya Harvard. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka libaki limefungwa. Wakafungua dirisha la chumba cha pili, ambamo hakukuwa na mtu. Halikuwa suala la kugawana nusu kwa nusu. Mwenzake hakuhitaji dirisha lile, alihitaji hewa, na Follett hakuchukia dirisha kufunguliwa, alichukia upepo kumpiga moja kwa moja. Wangebishana kuhusu dirisha mpaka jioni.

Dirisha lako ni uhasibu. Nyuma yake kuna nini? Mimi nahisi hofu. Unaogopa mwanao atahangaika kimaisha, atamtegemea mtu asiyemfaa, utakufa ukimwacha hajasimama. Hofu hiyo ni ya upendo na ni nzuri, lakini nina wasiwasi kwamba hujawahi kumwambia hata siku moja. Umempa amri iliyotokana nayo, yenyewe ukaificha. Yeye naye hakukuambia kinachomvuta kwenye ualimu, maana hukuuliza. Baba na mtoto mmekaa mwaka mzima, kila mmoja na lake, bila hata mmoja kumtajia mwenzake anachokitaka hasa.

Jambo moja nilipite haraka, kwa ajili ya wasomaji wengine. Wewe umesema uko hivi tangu ujana. Lakini kama mtu mzima aliyekuwa mpole anageuka ghafla kuwa mkaidi na mkali, tena anaanza kupoteza busara aliyokuwa nayo, msimgombeze tu. Mpelekeni kwa daktari, kwani yapo magonjwa ya ubongo yanayoanza kwa kubadili tabia kabla hata ya kugusa kumbukumbu.

Sasa tufike kwenye la kufanya. La kwanza ndilo gumu, nalo ni kiapo chako. Uliapa mbele ya wote kwamba ada hulipi. Naelewa kinachokushika: neno likishatoka hadharani, kulirudisha kunaonekana kama kuvuliwa nguo. Lakini angalia umemweka wapi mtoto. Ama aache masomo aliyokwisha kuyatolea mwaka mzima, ama atafute pesa kwa njia ambayo wewe hutaijua, na tayari umeona kwamba katika nyumba yako mambo yanaweza kufanyika bila wewe kujua. Ada ilipe. Na uamuzi huo usiupitishe kwa mama yake kichinichini ili wewe ubaki umesimama pale pale. Uliapa mbele ya watatu, kitengue mbele ya watatu. Sema kwa kifupi: "Niliapa nikiwa na hasira. Nilikosea kutumia ada kukulazimisha. Nitalipa." Ukimaliza hapo, nyamaza. Usiongeze "lakini". Usiongeze sharti la alama wala la kuripoti kila wiki. Hiyo "lakini" yako wanaijua, wanaisubiri, na siku watakapoikosa ndipo watakapoinua macho.

La pili, mtafute binti yako peke yake, siku nyingine, usilichanganye na hilo la kwanza. Usiende kujadili kama ualimu ni mzuri au mbaya. Uamuzi huo umepita na haukuwa wako. Muulize umekuwaje mwaka wake. Muulize alianza lini kuona kwamba uhasibu si wake. Akijibu, usijibu. Carl Rogers, mmoja wa walimu wakubwa wa kazi hii ya ushauri, alipendekeza sharti dogo kwa watu wanaobishana: usitoe hoja yako mpaka uwe umeyarudia maneno ya mwenzako, yeye mwenyewe akaridhika kwamba ndivyo alivyomaanisha. Lijaribu. Mwambie, "Kwa hiyo ulikuwa unahisi hivi na hivi," kisha ungoje aseme ndiyo au akurekebishe. Utaona ni kazi ngumu kuliko kubishana, maana kichwa chako kitakuwa kimejaa majibu yanayotaka kutoka. Yaache humo. Akishaona umemwelewa, ndipo umwambie ile hofu yako, kama hofu, bila kuifungia shauri lolote. "Naogopa utapata shida nikiwa sipo." Mtoto anaweza kuibeba hofu ya baba yake, hata akamfariji. Amri yake hawezi kuibeba tena.

Usitegemee akukumbatie siku hiyo. Huenda akakujibu kwa mkato, akiwa anangoja upande wa pili wa mtego. Ana haki ya kungoja. Miaka yote amekuona ukilegea kidogo ili ukaze vizuri baadaye, hivyo lazima aone mara kadhaa kwamba safari hii hakuna kukaza.

Na mkeo. Hapa usiende na hotuba, wala ahadi za kubadilika, kwa kuwa atakujibu "sawa". Tafuta jambo moja ambalo mmewahi kutofautiana, liwe la kweli na lenye uzito kidogo, mwambie liende kama alivyotaka yeye. Kisha liache liende hivyo mpaka mwisho, bila kusimamia, bila kurekebisha pembeni, bila kuuliza kila jioni limefikia wapi. Likifanikiwa, mpongeze mbele ya watoto. Likiharibika, na mengine yataharibika, maana hakuna mtu ambaye mambo yake yote hunyooka, hapo ndipo mtihani wako ulipo. Neno "nilikwambia" lisitoke, wala sura yake isionekane usoni. Msaidie kurekebisha kama ambavyo yeye amerekebisha ya kwako bila wewe kujua.

Nafikiri siku moja atakupinga tena. Litakuwa jambo dogo tu, la samani au la safari, na atalisema kwa sauti ya kujaribu, akikuangalia. Utahisi ule moto wa zamani ukipanda kifuani na sababu tatu zikijipanga ulimini. Usizitoe. Muulize, "Kwa nini unaona hivyo?" kisha kaa chini umsikilize mpaka amalize.